Rimiksi ya watu wawili: namna tunavyoupeleka wimbo wa kidumbak uwanjani

Vijana wanaokuja chumbani kwetu Kikwajuni, Zanzibar, swali lao huwa moja: "Kaka, mnatumia programu gani?" Nikiwajibu nyuso zinakunjuka, kama watu waliokabidhiwa ufunguo wa nyumba. Programu ya kutengenezea muziki ni Ableton Live, na ukiwa na FL Studio kazi itakwenda vilevile. Kilichotufaa zaidi mimi na mwenzangu ni kuwa wawili, tena wawili tusiokubaliana.

Mimi nilianzia kwenye fidla, safu ya nyuma kabisa ya kikundi cha taarab, nikifuata mikono ya wakubwa. Mwenzangu ni di-jei wa hoteli za Paje, na sidhani kama maishani mwake aliwahi kukaa na shairi mpaka beti ya mwisho. Hapa nitakuonyesha kazi yetu ya rimiksi, yaani kuutengeneza upya wimbo uliokwisharikodiwa, kwa wimbo mmoja tu: kaseti ya shangazi yangu, iliyorikodiwa kwenye harusi Ng'ambo zamani. Ndani yake mna sauti yake, fidla moja, sanduku (besi ya uzi), vidumbak viwili (ngoma ndogo), mkwasa (vijiti vya kugonganisha) na cherewa (kayamba). Ni kidumbak cha uani, ndugu wa taarab wa harusini, kile ambacho watu wanacheza mpaka mikeka inakunjamana.

Hatua ya 1: Gawaneni ulinzi

Kabla hamjawasha kompyuta, mmoja awe mlinzi wa wimbo na mwingine mlinzi wa uwanja, yaani pale wanapochezea watu. Mlinzi wa wimbo kazi yake kuuliza: shairi bado linasema lilichokuwa linasema? Mlinzi wa uwanja anauliza: miguu inajua inakwenda wapi? Mkiwa wote mnalinda kitu kimoja, basi mmoja wenu hana kazi, na akae nyumbani.

Tatizo la wawili ni kwamba hamuwezi kupiga kura. Sisi tumeweka sheria ya karata: kila mmoja ana turufu moja kwa kila wimbo. Ukiitupa, mwenzako anakubali bila kununa, lakini huna tena mpaka wimbo mwingine. Utashangaa mtu anavyoacha kubishana juu ya sauti ya hai-hati, yale matoazi madogo ya ngoma, akikumbuka kwamba turufu yake bado ataihitaji.

Muziki huu wa dansi wa kompyuta umejaa watu wawili wawili: Daft Punk wa Ufaransa, waliokuwa pamoja tangu 1993 mpaka walipotangaza kuachana 2021, The Chemical Brothers na Basement Jaxx wa Uingereza, Black Motion wa Afrika Kusini. Wawili ninaowasikiliza kwa daftari mkononi ni Masters at Work wa New York, Louie Vega na Kenny "Dope" Gonzalez. Kenny katokea upande wa biti za hip-hop, Louie upande wa dansi na muziki wa Kilatini. Katika rimiksi zao nyingi waliutoa muziki wa asili karibu wote, wakabaki na sauti ya mwimbaji, kisha wakaita wapigaji wa kweli wakaujenga upya chini yake. Ndiyo njia tutakayoifuata.

Hatua ya 2: Omba, andika, weka saini

Usiiruke hii kwa sababu eti ni kaseti ya nyumbani. Kwenye taarab yetu mara nyingi aliyetunga shairi si aliyetia muziki, na aliyetia muziki siye anayeimba. Juu yao yupo mwenye rikodi yenyewe. Haki ya wimbo na haki ya rikodi ni vitu viwili, na rimiksi inagusa vyote. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003 na chombo chake, COSOZA. Nendeni mkaulize kabla ya kupakia chochote mtandaoni.

Shangazi alikubali kwa sharti moja: ausikie kabla ya mtu mwingine yeyote. Tuliandika karatasi moja, asilimia zake, zetu, na za familia ya mtunzi wa shairi. Sharti lake tulilivunja. Nitafika huko.

Hatua ya 3: Itoe kaseti kwenye utepe

Safisha kichwa cha deki kwa spiriti na pamba. Unganisha deki na kadi ya sauti kwa waya, usirikodi kwa kuweka simu mbele ya spika. Chukua faili ya WAV, isiyobanwa, ya biti 24 (kipimo cha ubora), na acha nafasi: mlio mkubwa kabisa usivuke desibeli -6. Rikodi upande mzima bila kusimamisha, hata vicheko na vyombo vya biriani vinavyogongana. Vicheko hivyo utavitaka baadaye.

Jambo ambalo limewapotezea wengi wiki nzima: kaseti haiimbi kwa tuni ya kinanda chako. Deki iliyorikodi ilikuwa na mwendo wake, inayosoma ina wake, na fidla ilitunwa kwa sikio la siku hiyo. Tafuta noti moja ndefu ya fidla, iweke kwenye kipimatuni, soma senti (senti 100 ni nusu toni). Yetu ilikuwa senti 35 chini. Hapo mtu hukimbilia kuupandisha wimbo. Usifanye hivyo, sauti ya mzee ikivutwa inageuka ya katuni. Kishushe kinanda: sintesaiza nyingi (vinanda vya umeme vinavyounda milio) zina pahala pa kurekebisha tuni kwa senti. Andika -35, imekwisha.

Hatua ya 4: Tenga sauti, lakini usiwe mchoyo

Kama ungekuwa na treki za studio zilizotengwa, kila chombo na yake, ungefurahi. Huna. Siku hizi kuna programu za kutenganisha: Spleeter, iliyotolewa na Deezer 2019, na Demucs, zote za bure. Unazipa wimbo mmoja, zinakurudishia mafungu: sauti ya mtu, ngoma, besi, na vilivyobaki.

Zinafanya kazi vizuri kwa pop. Kwa kidumbak zinababaika, na sababu inaeleweka: fidla yetu haikai pembeni ikisubiri zamu. Inamfuata mwimbaji neno kwa neno, inapita alipopita, inakawia kidogo, inapamba. Programu inashindwa kujua lipi koo na lipi uzi. Utasikia nyuma ya sauti ya shangazi mkia wa fidla unaolia kama mtu yuko chumba cha pili.

Mwenzangu alitaka kuufuta. Tulipoteza siku mbili tukiusaga mpaka sauti ikawa kama inatoka kwenye bomba. Mwishowe nikatupa turufu yangu: mkia ubaki. Ulipokuja kusikika juu ya kiki, lile dundo zito la ngoma, watu waliuliza ile sauti nyuma ya mwimbaji tumeifanyaje.

Kata chini ya hezi 120 kwenye fungu la sauti. Hakuna kitu huko ila mvumo wa utepe na miguu ya wachezaji.

Hatua ya 5: Tafuta mwendo wa harusi

Wapigaji wa harusini hawana metronomu. Wimbo wetu ulianza kwenye mapigo 98 kwa dakika, ukaishia 108, maana watu walipochangamka na vidumbak navyo vilichangamka. Usiiachie programu ikubahatishie. Weka alama kwa mkono mwanzoni mwa kila kipimo cha mapigo 4. Ni kazi ya kuchosha, ya saa nzima na kahawa mbili. Ukimaliza, wimbo mzima unatembea kwa mwendo mmoja, nao ndio utakaoamua rimiksi iwe ya namna gani.

Wastani wetu ulikuwa 104. Hausi, ile dansi ya klabu, kwa kawaida hukaa 120 hadi 128, na kutoka 104 mpaka 124 ni kuongeza karibu asilimia 19. Sauti ya mtu haivumilii, mitetemo ya koo inakuwa kama mbuzi. Amapiano ya Afrika Kusini hukaa karibu na 112. Hapo tunaongeza chini ya asilimia 8, na sikio linasamehe. Singeli ya Dar je, yenye mapigo zaidi ya 200? Huko ndiko rahisi kuliko kote: 104 mara mbili ni 208, yaani ngoma zinakimbia na shangazi anatembea mwendo wake uleule, hujamgusa hata kidogo. Tulijaribu kwa mchezo usiku mmoja, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Bado ninayo ile faili.

Tukachukua 112. Kisha usiipange hai-hati kwenye gridi, ile mistari ya programu ya mapigo yaliyolingana. Mkwasa wa kaseti una mwendo wake, pigo la pili linachelewa kidogo kila mara, na hapo ndipo kiuno kinapopata nafasi. Ableton Live inaweza kunakili mwendo wa treki moja na kuuvisha nyingine; nakili wa mkwasa, uvishe hai-hati na sneya (ngoma yenye mlio mkali). Kiki peke yake ndiyo ikae sawasawa kwenye gridi, kama nguzo.

Hatua ya 6: Kata kwa vina, si kwa macho

Hapa ndipo tulipoaibika, kwa hiyo nitakaa.

Mstari mkuu wa shangazi una mizani 16, nane na nane:

"Sitakuacha mwenzangu, hata wakinisengenya."

Mwenzangu alitaka lupu ya kipande cha kwanza, yaani kijirudierudie. Shauri zuri: mizani 8 zinaingia vyema kwenye vipimo viwili, na kina cha "-ngu" kinafunga kama mlango. Akaiambia programu ikate yenyewe. Programu hukata kwa kutafuta pigo, pale mlio unaporuka ghafla. Sasa itamke hiyo "si" taratibu. "S" ni upepo tu, haina pigo, na shangazi huianza kwa ulaini, karibu pumzi. Mruko wa kwanza unaoonekana kwenye kioo ni wa "ta". Alama ikakaa hapo. Lupu ikasema: "'Takuacha mwenzangu. 'Takuacha mwenzangu." Mara kumi na sita mfululizo, kiki ikipanda.

Hatukusikia. Ukishausikia wimbo mara mia mbili, sikio linajijazia lenyewe. Mwenzangu akaupiga Paje usiku wa Jumamosi, kabla shangazi hajauonja. Watalii walicheza. Mpishi mmoja wa hoteli, mwanamke wa makamo, akatoka jikoni na kitambaa begani akasimama pembeni ya meza ya mwenzangu: "Kijana, huyu bibi anamwacha au hamwachi?"

Shangazi alipousikia hakupandisha sauti. Alisema: "Mwanangu, miaka yote hii sijamwacha mtu. Leo umeniachisha kwa dakika sita."

Basi fanya hivi. Andika shairi lote kwenye karatasi kabla ya kukata. Piga mstari kwenye vina vya kati na vya mwisho, na ukate hapo tu. Kila kipande kinachoanza kwa "s", "f", "h" au "sh", irudishe alama nyuma kwa mkono mpaka uusikie upepo wote, na nyuma zaidi upate pumzi aliyovuta mwimbaji kabla ya neno. Kiswahili kimeweka ukanushi wetu mwanzoni kabisa mwa neno, "si-", "ha-", "hu-", pale ambapo mkasi wa kompyuta unapita bila kuona. Halafu lupu ikishakaa tayari, mwite mtu ambaye hajausikia wimbo, mwambie akwambie kinasemwa nini. Asipojua, au akijua kinyume, rudi.

Hatua ya 7: Muziki mpya chini ya sauti

Mwimbaji wa kwetu, maqam (ngazi ya noti za Kiarabu) ikiwa rast au bayati, anapita kwenye noti ambazo kinanda hakina. Mi yake si mi wala si mi bemoli, iliyoshushwa nusu toni. Iko katikati, robo toni, senti 50 kila upande. Wewe ukaja na kodi nono za hausi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zenye mi ya kinanda, basi kila akifika hapo mnagongana. Watu wengi husema "bibi yuko nje ya tuni". Aliye nje ni wewe.

Dawa ya kwanza, ambayo ndiyo ninayoipenda: usipige kodi kamili. Piga do na sol, iache noti ya katikati kwa sauti na fidla. Unasikika mtupu kwa dakika ya kwanza, kisha sauti inakaa pahala pake na hakuna kinachopungua. Dawa ya pili ni kwenda kwenye sintesaiza inayoruhusu kuishusha noti moja moja, ukaishusha mi kwa senti 50. Nyingi zina uwezo huo ukitafuta vizuri.

Besi tumeipiga upya. Sanduku kwenye kaseti lilikuwa mvumo tu, lakini mistari yake inasikika, nami nikaifuata noti kwa noti kwenye sintesaiza. Mwenzangu alitaka ile besi ya ngoma ya amapiano inayodundadunda, ambayo sasa iko kwenye kila kitu mpaka matangazo ya vocha. Nilishatumia turufu. Yeye akatumia yake. Imo, mara nne tu, na kusema kweli mara ya tatu ni tamu.

Kiki na besi zinapigania hezi zilezile, 50 hadi 100. Fikiria uchochoro wa Mji Mkongwe, watu wawili wanakutana na mmoja kabeba godoro: lazima mmoja ajibanze ukutani. Weka kompresa (kifaa cha kubana mlio) kwenye besi, uifunge isikilize kiki, ili kila kiki inapopiga besi iiname kidogo kisha irudi. Desibeli 4 au 5 zatosha. Ukizidisha, wimbo mzima unahema.

Hatua ya 8: Panga pale watu wanapokwenda kutunza

Di-jei anahitaji vipimo 32 vya mwanzo vyenye ngoma tu, ili aunganishe wimbo wako na wa kabla yake. Kwenye mapigo 112 hiyo ni kama sekunde 69. Vivyo hivyo mwishoni. Hilo halina mjadala.

Katikati je? Vitabu vya muziki huu vitakwambia ujenge, upandishe, uiangushe biti. Sawa, lakini uiangushe wapi? Kumbuka taarab inapopigwa ukumbini. Wanawake wamekaa, wanasikiliza, na upo mstari mmoja ambao mtu ananyanyuka, anacheza taratibu mpaka mbele na noti mkononi, kwenda kumtunza mwimbaji. Hanyanyuki popote. Ananyanyuka pale neno limemgusa, au pale anapotaka fulani aliyekaa kule alione limemgusa. Huo mstari ndio mahali pa kuangusha. Wimbo wenyewe umeshakuonyesha, huna haja ya kubuni.

Kwetu ilikuwa "hata wakinisengenya". Tukatoa kila kitu: kiki, besi, cherewa. Akabaki shangazi, mkia wa fidla, na vile vicheko vya harusini kutoka hatua ya 3. Vipimo 8 hivyo, kama sekunde 17, ambazo mwenzangu alidhani zitaua uwanja. Kisha kiki inaingia kwenye "-nya", si baada yake.

King Tubby, fundi wa vifaa vya umeme wa Kingston, Jamaika, alitufundisha wote hilo tangu miaka ya 1970: alikuwa akizifungua na kuzifunga treki kwenye mixa, sauti ya mwimbaji inapotea katikati ya sentensi, ngoma inabaki, mwangwi unamaliza neno. Wapo pia Everything But The Girl, wawili wa Uingereza, ambao wimbo wao "Missing" ulitoka 1994 na haukufika mbali. Mwaka uliofuata Todd Terry akauwekea ngoma za hausi, sauti ya Tracey Thorn akaiacha palepale na huzuni yake, ukawa wimbo wa dunia. Ukiupata usikilize kwa hedifoni, uangalie ni mambo machache kiasi gani aliyoongeza.

Hatua ya 9: Usikilize pahala pabaya

Chumbani kila kitu kinasikika vizuri. Pitisha wimbo kwenye simu, kwenye spika ya dukani kwa mpemba wa jirani, kwenye daladala kama una rafiki dereva. Simu haitoi besi za chini kabisa. Kama mstari wa besi umepotea wote, uongezee ukwaru kidogo ili mlio wake upande juu pale simu inapofika. Kisha ubonyeze mono, kulia na kushoto viwe kitu kimoja. Hoteli nyingi za ufukweni zimefunga spika upande mmoja mmoja au zote mono, na mapambo yako ya kulia na kushoto yanaweza kufutana yakapotea.

Ufukweni hakuna kuta. Besi iliyokutikisa chumbani inakwenda zake baharini, na upepo wa kaskazi unabeba hai-hati upande mmoja. Tukipigia nje tunaipandisha kiki desibeli 1, tunapunguza mwangwi wa sauti, basi.

Mwezi wa Ramadhani hakuna disko, na kwetu huo ndio msimu wa kukata na kupanga, baada ya tarawehe, hedifoni masikioni. Kasoro nyingi tulizozipata tulizipata mwezi huo.

Hatua ya 10: Toa faili na urudishe kaseti

Toa WAV ya biti 24 kwa ajili ya uwanja na MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde kwa kutumiana. Kwenye jina la faili anza na la mwimbaji, kisha la wimbo, kisha yenu, na mapigo kwa dakika mwishoni ili di-jei asihangaike. Hifadhi mradi mzima kwenye diski mbili, moja kwa kila mmoja wenu, nyumba mbalimbali. Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi utaelewa kwa nini.

Mara ya pili tulikwenda kwa shangazi kwanza, saa kumi alasiri, na spika ndogo. Alisikiliza akichambua mchicha. Ilipofika "Sitakuacha", kwa "si" yake yote, hakusema kitu. Ilipofika kimya cha vipimo 8 akaacha mchicha, akauliza ni nani yule anayecheka. Tukaurudisha nyuma mara tatu mpaka akamtambua.